Nimepapaswa kwa mkono tu nikaambiwa niko salama. Hiki ni kipimo kweli, au nitafute mamogramu?

#1 MamaPacha
Wakuu habari. Nina miaka 43, naishi Mbagala. Jumamosi nilikwenda kwenye upimaji wa bure wa saratani ya matiti, ile ya mwezi wa kumi. Foleni tangu saa moja asubuhi. Zamu yangu ilipofika nikaingia nyuma ya pazia, nikamkuta nesi mama wa makamo. Akaniambia nivue juu, niinue mikono, niishushe, nishike kiuno. Akanitazama kimya. Kisha nikalala, akanipapasa kwa ncha za vidole vitatu, titi zima, akaingia kwapani, akapanda mpaka juu ya mtulinga. Dakika tano au sita hivi. Akasema: "Sijaona kitu mama. Ukiona badiliko lolote usisubiri mwakani."

Nikarudi nyumbani na furaha yangu. Jioni nikampigia shangazi, yuko Uingereza miaka mingi. Shangazi akawaka. Anasema hicho si kipimo, ni kutuliza watu, kwamba kule wao wanaletewa barua, wanapigwa picha ya matiti kwa mashine, hiyo mamogramu, na kama sijapigwa picha mimi sijapimwa. Usiku sijalala.

Naomba anayejua aniambie. Vidole vya yule mama vina maana yoyote?

#2 Fundi_Mita
Shangazi yuko sahihi. Uingereza wanawake wanapigwa picha kila mwaka kuanzia miaka 40. Huku tunapewa vidole kwa sababu serikali haina hela. Jibu fupi ndilo hilo.

#3 Msafiri_Leicester
Fundi hapo umekosea, acha nirekebishe maana niko huku. Barua inakuja kuanzia 50 mpaka kabla hujatimiza 71, na ni kila baada ya miaka mitatu. Mpango huu ulianza 1988. Barua ya kwanza inaweza kuchelewa mpaka karibu miaka 53, inategemea zamu ya kliniki yako.

MamaPacha, ungekuwa unaishi nyumba ya jirani na shangazi yako, kwa miaka yako 43 na kama ukoo hauna historia, usingeletewa barua yoyote. Mwambie hivyo kwa heshima zote.

#4 Mnyalu_Minnesota
Marekani ni tofauti na alivyosema Msafiri. Kamati ya wataalamu ya huku ilitoa mwongozo 2024: kuanzia 40 mpaka 74, kila miaka miwili. Ila kamati hiyohiyo mwaka 2009 ilisema waanze 50, ikazuka zogo kubwa, kisha wakarudi chini. Na kuna vyama vya madaktari vinavyosema kila mwaka.

#5 Mkulima_Kiambu
Kwetu Kenya mwongozo wa taifa wa 2018 unasema 40 hadi 55 kila mwaka, kisha 56 hadi 74 kila miaka miwili. Lakini kuandikwa ni jambo moja. Mashine iko wapi, na nani analipa, hayo ni mambo mengine kabisa. Mke wangu ana 46 na hajawahi kuitwa na mtu.

#6 Kibatari
Jamani. Mwanamke mmoja, titi lilelile, miaka 43. Akiwa Leicester haitwi. Akiwa Minnesota anaitwa. Akivuka Namanga kuingia Kenya anatakiwa kila mwaka. Akirudi Mbagala anapewa vidole. Mwili haujabadilika. Sasa hao wataalamu wanabishana juu ya nini hasa?

#7 Fundi_Mita
Asante Msafiri kwa marekebisho. Kwenye hela bado nasimama palepale.

#8 Eksirei_Chumba_Tatu
Ngoja niingie, ndiyo kazi yangu ya kila siku. Nitamjibu Kibatari kwa kueleza picha yenyewe, kwa sabuni wengi wanaibishania bila kuiona.

Mamogramu ni eksirei ya titi. Unasimama, titi linawekwa juu ya sahani moja, sahani nyingine ya plastiki inayoangaza inashuka na kulibana. Linabanwa kwa sekunde chache. Picha mbili kila upande: moja kutoka juu, moja ya mshazari ili kwapa lionekane. Jumla nne. Linabanwa ili nyama zitandazike, kimoja kisijifiche nyuma ya kingine, na mionzi itumike kidogo.

Kwenye picha mafuta yanaonekana meusi au ya kijivu. Nyama ya tezi, ile inayotengeneza maziwa, inaonekana nyeupe. Na uvimbe wa saratani nao unaonekana mweupe. Sasa fikirieni. Mama wa miaka 65, titi lake mara nyingi limeshageuka kuwa mafuta mengi, uvimbe unaonekana kama mwezi kwenye anga jeusi. Binti wa miaka 30, titi limejaa tezi, picha yote nyeupe. Hapo ni kumtafuta mtu mwenye kanzu nyeupe kwenye uwanja wa swala ya Idi. Miaka ya 40 ni katikati, wengine anga limeshafunguka, wengine bado. Ndiyo maana wanabishana, Kibatari.

Kitu ambacho vidole haviwezi kabisa: chembechembe za kalisi (kalsiamu). Zinaonekana kama chumvi iliyomwagika kwenye kitambaa cheusi, punje ndogondogo zimekusanyika sehemu moja. Nyingi hazina shida yoyote. Baadhi ni alama ya saratani iliyo bado ndani ya mfereji wa maziwa. Hata nesi awe hodari vipi, hizo hazishiki.

#9 Eksirei_Chumba_Tatu
Nimeandika "kwa sabuni", ni "kwa sababu". Simu hii.

#10 Mwana_Wa_Tandika
Sisi tulishaanza kuitafuta hiyo sabuni mkuu 😄

#11 Kibatari
Eksirei ubarikiwe, hiyo ya kanzu imeniingia. Lakini swali: mionzi si ndiyo inaleta saratani? Bibi yangu alikuwa anasema ukipigwa picha mara nyingi damu inaharibika.

#12 Eksirei_Chumba_Tatu
Mionzi mingi inaleta, ni kweli, na ndiyo sababu hatupigi ovyo. Lakini picha nne hizo ni kama milisievati 0.4, hicho ndicho kipimo cha mionzi. Mwili wako unapokea kiasi cha namna hiyo kutoka ardhini na angani kwa muda wa wiki saba hivi, ukiwa umekaa kwako unapika.

Na kwa kuwa kuna atakayeuliza: kubanwa hakusambazi saratani. Sidiria yenye waya hailetei mtu saratani.

#13 Tabibu_Wa_Kata
Naomba nimpinge Fundi kidogo. Hela ni sababu, siyo sababu yote. Nafanya kazi kituo cha afya, mkoa nitauacha. Wanawake wanaokuja kwangu na saratani ya titi, karibu wote tayari uvimbe unashikika. Wengine umeshapasuka ngozi. Hawakuhitaji mashine ya kuwaonyesha. Wanaujua. Wameujua miezi minane, mwaka, miaka miwili.

Mashine ya uchunguzi kazi yake ni kumkuta mtu ambaye hajui lolote. Sisi tuna msururu wa watu wanaojua na hawajafika. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema hivyohivyo katika waraka wake wa 2014: nchi zenye mifumo imara, picha kila miaka miwili kwa wenye 50 hadi 69. Nchi ambazo mifumo bado dhaifu, anza kwanza na kumwahi yule mwenye dalili na kumpima matiti kwa mkono.

#14 Bint_Shangani
Kwa hiyo WHO wametukataza mamogramu? Watu weusi wafe basi.

#15 Tabibu_Wa_Kata
La, Bi Shangani. Hawajakataza. Wanasema usichukue hela ya dawa na ya upasuaji ukanunua mashine ya kuita wazima wote, wakati mwenye uvimbe mkononi hana pa kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe. Mpango wao wa 2021 una namba tatu ambazo mimi nimezibandika ukutani: asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike hatua ya kwanza au ya pili, yaani mapema, majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60 tangu mtu afike, na asilimia 80 wamalize matibabu. Mimi ile ya siku 60 ndiyo inayoniliza. Kinyama kinakatwa, kinasafirishwa, kinasubiri. Kuna mama mmoja majibu yalirudi akiwa ameshahama mtaa.

#16 Bi_Mtoni
Naandika mara chache humu. Mimi ni mgonjwa, sasa nasema nilikuwa mgonjwa.

Nilikuwa na miaka 39. Naoga, sabuni inateleza, vidole vikapita juu ya kitu kama punje ya mahindi, gumu, haliumi. Kutoliuma ndiko kulikonidanganya. Nikaenda zahanati moja, nikapewa vidonge vya usaha. Nikarudi, nikapewa vingine. Mara ya tatu nikaambiwa ni maziwa yameganda, na mwanangu wa mwisho alikuwa ameacha kunyonya miaka minne. Miezi saba ilipita hapo. Nilipofika Ocean Road, hospitali ya saratani, nilikuwa hatua ya tatu. Titi likatolewa, dawa za kudondoshewa, mionzi. Leo mwaka wa sita.

Nikisoma mnavyobishana 40 au 50, mimi nisingeitwa popote. Wala Uingereza, wala Marekani, wala Kenya. Kilichonikosa si picha. Nilikosa mtu wa kwanza kuniambia: haliumi, basi twende mbele leoleo.

#17 MamaPacha
Dada Bi Mtoni, pole sana na hongera kwa miaka sita. Nimesoma mara mbili.

#18 Mwana_Wa_Tandika
Pole dada. Naongezea sababu nyingine ambayo Tabibu hajaitaja: woga wa kukatwa. Mama yangu mdogo alijua, akaficha chini ya kanga kwa sababu jirani yake alikatwa titi kisha mume akaondoka. Kwa akili yake kwenda hospitali ndiko kulikomwondolea jirani mume. Hapo hata ungeweka mashine mlangoni kwake asingeingia.

#19 Fundi_Mita
Na huyo jirani alikatwa kwa sababu alichelewa. Angewahi kungekuwa na uwezekano wa kutoa uvimbe peke yake na kuacha titi. Kwa hiyo tunarudi kwenye mashine.

#20 Tabibu_Wa_Kata
Kutoa uvimbe na kuacha titi kunahitaji mionzi baadaye, Fundi. Mtu wa Tunduru, kule kusini, anatakiwa akae mjini wiki kadhaa kwa ajili ya mionzi. Wengi wanachagua kukatwa lote ili warudi shambani. Nimewaona.

#21 Mnyalu_Minnesota
Nami nilete upande mwingine, maana hakuna aliyesema gharama ya picha yenyewe kwa roho ya mtu. Dada yangu hapa alipigwa picha ya kwanza akiwa na 41. Baada ya siku mbili akapigiwa simu: rudi, tumeona kitu, tunahitaji picha za ziada. Kwenye fomu wameandika namba 0. Alidhani sifuri maana yake hakuna kitu, akafurahi. Kumbe sifuri maana yake bado hawajamaliza, wanataka kuangalia tena. Siku tisa hakula. Akaandika barua kwa watoto. Ikaonekana ni kifuko cha maji tu, ultrasaundi ikamaliza.

Huku hilo wanaliona la kawaida. Ukipimwa miaka kumi mfululizo, si ajabu kabisa kuitwa tena walau mara moja bure.

#22 Mzee_wa_Takwimu
Mnyalu amegusa penyewe. Na kuna zito kuliko kuitwa bure. Kuna saratani ambazo picha inazikuta, zinatibiwa, titi linatolewa, na kumbe zisingemsumbua yule mama maisha yake yote.

Wanasayansi wamegombana juu ya hili tangu zamani. Jaribio la New York lilianza 1963, wanawake 62,000 hivi, likaonyesha vifo vimepungua. Sweden wakaanza 1977 kwenye majimbo mawili, likaonyesha vifo vimepungua kwa karibu theluthi. Kanada wakaanza 1980, wakafuatilia miaka 25, wakasema hatuoni tofauti ya vifo kati ya waliopigwa picha na wasiopigwa. Sasa chagua unayemwamini. Mtafiti wa Denmark, Gøtzsche, anasema waite wanawake 2,000 kwa miaka kumi, utamwokoa mmoja na kuwatibu kumi bila sababu. Jopo la Uingereza chini ya Marmot mwaka 2012 likasema vifo vinapungua kwa asilimia 20, na kwa kila anayeokolewa watatu wanatibiwa bila kuhitaji.

Mmoja kwa kumi, au mmoja kwa watatu. Data karibu zilezile.

#23 Eksirei_Chumba_Tatu
Mzee nakuheshimu ila ongeza na hili: Kanada walilaumiwa kwa ubora wa picha na namna walivyowagawa wanawake kwenye makundi. Na picha za 1980 si picha za leo.

#24 Mzee_wa_Takwimu
Ni kweli walilaumiwa. Wao wakajibu. Ugomvi haujaisha.

#25 Bint_Shangani
Swali la kijinga labda: huyo aliyetibiwa bila kuhitaji, yeye anajijuaje?

#26 Mzee_wa_Takwimu
Si la kijinga. Hajijui. Daktari wake hamjui. Inaonekana kwenye hesabu za maelfu tu. Yeye mwenyewe atashukuru maisha yake yote kwamba aliwahi.

#27 Kibatari
Hiyo imeninyamazisha.

#28 Mkulima_Kiambu
Na vidole je? Mleta uzi aliuliza vidole tangu post ya kwanza, sisi tumeenda hadi Kanada.

#29 Mzee_wa_Takwimu
Mkulima asante, umetukumbusha. Vidole vina jaribio lao, na ni kubwa. Mumbai, India, hospitali ya Tata, wanawake zaidi ya 151,000 kutoka mitaa ya watu wa kipato cha chini. Nusu yao walipimwa matiti kwa mkono kila miaka miwili na wanawake waliofundishwa kazi hiyo, wala si madaktari. Majibu ya miaka 20 yalitoka 2021. Saratani ziligundulika zikiwa hatua za chini zaidi. Kwa wenye 50 na kuendelea, vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30.

Kwa walio chini ya 50 hawakuona vifo kupungua. MamaPacha nasema ukweli wote, sitaki nikufiche hilo.

#30 Fundi_Mita
Hee. Kwa hiyo vidole vinafanya kazi kweli. Nimekubali hapo.

#31 Bint_Shangani
Vya nesi aliyefundishwa. Vya kwako mwenyewe je? Tunaambiwa kila mwezi jipime.

#32 Mzee_wa_Takwimu
Shanghai walifundisha wafanyakazi wa viwanda vya nguo kujipima wenyewe, wanawake 266,000 hivi kwa makundi yote mawili. Vifo havikupungua. Waliofundishwa walikatwa vinyama vingi zaidi visivyo saratani.

#33 Bi_Mtoni
Mzee, na hesabu zako zote, mimi nililiona mwenyewe bafuni. Msiwaambie wanawake waache kujishika.

#34 Mzee_wa_Takwimu
Sijasema waache, Bi Mtoni. Naomba radhi kama nimeandika hivyo. Kuujua mwili wako ukaona kilichobadilika ni jambo jingine na kufuata ratiba ya kila mwezi. Ulichofanya wewe ndicho kinachotakiwa.

#35 Tabibu_Wa_Kata
Kwa chini ya 50 kuna jaribio la Uingereza pia Mzee hakulitaja. Waliwachukua wanawake 160,000, kundi moja likapigwa picha kila mwaka tangu miaka 40 hivi mpaka 48. Katika miaka kumi ya kwanza vifo vilipungua kwa robo. Inasikika kubwa. Ukigeuza, ni mwanamke mmoja anayeokolewa kwa kila 1,150 wanaopimwa, kwa sababu katika umri huo ugonjwa bado ni nadra. Hapo ndipo nchi zinapoachana njia: mmoja kwa 1,150 ni wengi au wachache? Hilo mashine haiwezi kukujibu.

#36 Mwana_Wa_Tandika
Mimi nasikia saratani ya Waafrika ni kali zaidi na inakuja mapema, ndiyo maana miongozo ya Wazungu haitufai. Imekaaje?

#37 Tabibu_Wa_Kata
Nusu yake. Wagonjwa wetu ni wadogo kiumri kwa sababu kwanza nchi yenyewe ni ya vijana. Ukiwa na akina mama wachache wa miaka 70, wagonjwa wa miaka 70 watakuwa wachache.

#38 Eksirei_Chumba_Tatu
Na nusu nyingine ni kwamba ile aina isiyojibu dawa za homoni, wanayoiita hasi tatu, ni nyingi zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi. Mashariki huku haionekani kwa wingi ule. Hiyo inakua haraka, inaweza kuzaliwa na kukua katikati ya picha mbili. Kwa hiyo tusiseme "Waafrika" kana kwamba ni kijiji kimoja.

#39 Msafiri_Leicester
Na wanaume wasijifiche. Kati ya wagonjwa mia ni mwanaume mmoja hivi, lakini wapo. Shemeji yangu alidhani ni kipele cha chuchu.

#40 Mwana_Wa_Tandika
Nimejishika hapahapa kwenye daladala, konda ananitazama 😄 Niko salama wakuu.

#41 Eksirei_Chumba_Tatu
MamaPacha, wote tumekujibu na hakuna aliyekuuliza kitu cha kwanza ninachouliza mimi kila siku kazini. Kwenu kuna historia? Mama, dada, mama mkubwa, bibi?

#42 MamaPacha
Nimekaa na swali lako tangu mchana, nikampigia mama kijijini. Mama hana. Bibi hana. Nikamuuliza mama mkubwa alikufa na nini, maana mimi nilikuwa darasa la nne. Akanyamaza. Akasema jipu la titi. Nikauliza jipu la muda gani. Akasema lilikuwa linatoa maji, likanuka, wakawa wanamlaza chumba cha uani, alipofariki hakuwa amefika miaka 40. Na kuna binamu yangu, mtoto wa huyo mama mkubwa, amefanyiwa upasuaji wa titi mwaka juzi, na sisi tuliambiwa ni kivimbe cha kawaida.

Yule nesi hakuniuliza. Nami nisingejua la kumjibu.

#43 Tabibu_Wa_Kata
Basi yote tuliyobishana hapa ya 40 na 50 ni ya mtu asiye na ukoo kama huo. Nenda hospitali na maelezo hayo hayo ulivyoyaandika, usifupishe. Mwambie daktari mama mkubwa na binamu, na umri wa kila mmoja. Binamu aombe karatasi ya majibu ya kinyama chake, hilo ndilo la muhimu kuliko vyote. Kuna hitilafu za vinasaba zinazorithiwa, kwenye BRCA1 na BRCA2, na mwenye nazo mpango wake wa kupimwa ni mwingine kabisa. Usitishike kabla. Nenda tu.

#44 Mnyalu_Minnesota
Na picha uombe, hata kama wataanza na ultrasaundi.

#45 Eksirei_Chumba_Tatu
Hesabu siku zako kwanza. Wiki moja baada ya hedhi kumalizika titi haliumi sana likibanwa. Na siku hiyo kwapani usipake kitu, wala poda wala ya kunukia. Zile chembe zinatokea kwenye picha kama kalisi, tutakurudisha bure.

#46 Bi_Mtoni
MamaPacha mimi niko Mtoni Kijichi. Jumatatu sina kazi. Nitakusubiri kituoni saa kumi na mbili na nusu, nimevaa baibui la kijani. Foleni ya hospitali naijua, ina sehemu ya pembeni ya kukaa yenye kivuli.

#47 MamaPacha
Nakuja dada. Binamu naye kasema anakuja, karatasi anayo kwenye sanduku.